Bibi wa Kwenye Fremu

Siku ile Ladislaus Gama alikuwa ghorofa ya nne, Östermalm, mtaa wa wenye nazo jijini Stockholm, amejitwika godoro la marehemu. Alipogeuka ili apite mlangoni, akakutana uso kwa uso na mwanamke mweusi. Godoro likamponyoka.

"Samahani, mama," alisema, tena kwa Kiswahili, maana mtu akishtuka lugha ya nyumbani ndiyo hutangulia.

Mama hakujibu. Alikuwa ndani ya fremu, ameegemezwa ukutani kati ya kabati na sufuria kuukuu. Nywele zake za mawimbi zilivutwa nyuma, shali ya rangi ya kutu ilikuwa mabegani, na hereni ndogo ya dhahabu sikioni. Alitazama pembeni kwa macho ya mtu aliyeambiwa asitikisike, huku anawaza chungu alichokiacha jikoni. Ladislaus alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kitu fulani kwenye shingo ile kilimkumbusha mama yake mzazi, na hilo halikumfurahisha hata kidogo.

Akaigeuza picha. Nyuma palibandikwa karatasi ya njano, mwandiko wa Kiingereza wa enzi za Malkia Viktoria. Palikuwa na jina la mchoraji, palikuwa na London, 1861, na chini yake: *Bi Matilda Crewe, mfua nguo, mama wa watoto watano. Hukaa vizuri mbele ya mchoraji bila kutikisika.*

"Mfua nguo!" Ladislaus aliguna. "Nani atamnunua mfua nguo?"

Kuna watu wakiokota sindano humtafuta mwenyewe. Ladislaus akiokota sindano humtafuta mtu ambaye nguo yake imechanika. Aliibandua ile karatasi taratibu kwa ukucha, akaitia mfukoni mwa suruali, kisha akamfuata msimamizi aliyekuwa na haraka ya kuikabidhi nyumba kwa warithi ikiwa tupu. Msimamizi alitupa jicho moja tu. "Ichukue," akasema, "ila godoro nalo lishuke." Hivyo ndivyo Bi Matilda Crewe alivyopanda treni ya chini ya ardhi kwenda Vårby gård, kitongoji alikokaa Ladislaus, amefunikwa gunia la viazi.

Sasa tumtambulishe vizuri huyu bwana, tusije tukaonekana tunamsengenya. Ladislaus alitoka Songea mwaka 1966, kijana mtanashati, aliyeletwa Stockholm kujifunza uchapaji. Wenzake walihitimu, wengine wakarudi, wengine wakapata kazi za kueleweka. Yeye alihitimu maneno. Mwaka huo wa 1974 alikuwa mpangaji wa mpangaji wa mpangaji, analala kwenye kochi la Mkenya mmoja aitwaye Ngugi, jina la Ladislaus halimo hata mlangoni. Kwa sababu hiyo barua zake zilifikia ghorofa mbili chini, kwa Dafrosa Kalinga, mwuguzi msaidizi kutoka Iringa.

Na Dafrosa alikuwa Mhehe. Ladislaus alikuwa Mngoni. Babu zao walichinjana vitani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Anayejua utani anajua maana yake: mtani anakutukana, nawe unacheka, anachukua kitu chako, nawe hununi. Atakayenuna ndiye asiye na kwao. Desturi hii Ladislaus aliipenda kuliko Baba Yetu. Sukari ya Dafrosa ilikuwa sukari ya mtani. Mwavuli wa Dafrosa, mwavuli wa mtani. Na zamu ya Dafrosa ya chumba cha kufulia, ile ambayo katika jengo lile watu waliigombea hadi majirani wa miaka kumi wakanyimana salamu, kila wiki Ladislaus aliitumbukizia kapu lake la nguo.

"Mhehe," alisema jioni ile, akimwaga suruali na mashati mbele ya mashine, "babu yangu alimpiga babu yako. Nifulie."

"Babu yako alikimbia mpaka akaacha ngao," alijibu Dafrosa bila kugeuka. "Barua yako iko juu ya sabuni."

Ilikuwa ya mama yake, imeandikwa na katekista. Ladislaus aliisoma akiwa amesimama. *Mwanangu, macho yangu yanafunga. La kushoto limekwisha, la kulia naona mchana tu. Sitaki pesa, sitaki nguo. Njoo nikuone ningali naona.*

Aliikunja. Akaikunjua, akaisoma tena, kisha akaikunja upya.

"Unakwenda?" Dafrosa aliuliza.

"Nitakwendaje mikono mitupu? Nimemwandikia kwamba mimi ndiye bwana mkubwa wa kiwanda cha uchapaji. Nitashukaje Songea na viatu hivi?"

"Mara mbili tumekuchangia nauli, Ladislaus. Ya kwanza ikawa suti. Ya pili ikawa gramafoni."

"Safari hii ni kweli! Nina kitu. Subiri uone." Na alipojiambia hivyo alijiamini kabisa, kwani hata yeye alikuwa mteja wa maneno yake. Nauli kwanza, akawaza. Au gari dogo kwanza, halafu nauli. Mtu hawezi kwenda uwanja wa ndege kwa basi kama mwanafunzi.

Akapanda ngazi akipiga mluzi. Dafrosa akabaki anakagua mifuko, kama afanyavyo kila mfuaji mwenye akili kabla ya kuwasha mashine.

Kesho yake Ladislaus aliibeba picha mpaka duka la vitu vya kale la bwana Torvald Lindvall. Mjini ilijulikana kwamba Lindvall akiona kitu kibovu hukisifia ili mwenyewe akipende na kuondoka nacho. Akiona kitu cha thamani hupiga miayo. Ladislaus alilifunua gunia. Lindvall akapiga miayo miwili.

"Picha ya kawaida," alisema Lindvall. "Huko Uingereza zama zile kila mwenye brashi alikuwa mchoraji. Na huyu mwanamke ni nani?"

"Mama yake bibi yangu," alisema Ladislaus, akafuta chozi lisilokuwepo. "Malindisa, binti wa chifu wa Wangoni. Nahodha wa Kiingereza alimpeleka London. Mchoraji alipomwona, alipiga magoti."

Mwayo wa tatu. Huu ulimtoa Lindvall machozi ya kweli.

"Unauza?"

"Nimuuze bibi yangu? Mzee, umenivunjia heshima!"

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Mvua inanyesha. Nimeingia kujikinga."

Wakatazamana wezi wawili wale, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa ujinga wake. Lindvall alikwisha kumpata mteja kichwani, bibi mmoja tajiri wa Djursholm aliyependa vitu vyenye historia, na kwake yeye huyu Mwafrika hakujua anashika nini. Ladislaus naye alikwisha kuliona gari, jekundu.

"Kwa ajili ya kumhifadhi tu," Lindvall alisema polepole, "naweza kukusaidia. Lakini maneno ni maneno, bwana Gama. Nitajuaje kuwa ni wenu kweli? Mnamkumbuka? Mna ibada, desturi yoyote?"

Hapo mdomo wa Ladislaus ulitoka mbio, ukaiacha akili inafunga kamba za viatu. "Kila mwaka! Ukoo wote, marafiki wote! Bahati yako, ni Jumamosi ijayo, saa nane mchana."

"Nitakuja," alisema Lindvall. "Na bahasha."

Ikabidi msiba utafutwe. Ladislaus alimwendea Wangari, Mkenya aliyepika katika jiko la shule moja, mama mwenye mikono mikubwa na moyo mkubwa zaidi.

"Dada, nipikie pilau ya watu thelathini. Tuna kumbukumbu ya marehemu."

"Pole sana! Nani amekufa?"

"Bibi."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Kama mia moja hivi."

"Siku mia?"

"Miaka."

Wangari alimtazama toka kichwani mpaka viatuni. "Wewe Ladislaus, hii mambo yako itakumaliza siku moja. Niweke viazi ama nisiweke?"

Wa pili alikuwa Bethuel, naye Mkenya, aliyewahi kusomea uchungaji miaka miwili, akaacha, lakini sauti ikabaki. Alikubali kuombea roho ya Malindisa kwa sahani mbili. Wengine walialikwa kwa harufu. Kutoka kitongoji cha Tumba walikuja, kutoka mjini walikuja. Wote walijua kwamba Ladislaus ana jambo lake, na wote walijua upishi wa Wangari.

Kitu kimoja tu bwana mipango alikisahau. Harusi ina kadi. Msiba hauna kadi. Msiba wa Mngoni ukishasikika, Mhehe haulizi kama amealikwa.

Jumamosi saa nane ukumbi wa wapangaji, pale chini kando ya chumba cha kufulia, ulijaa. Picha iliwekwa juu ya kiti, imezungushiwa kitenge. Lindvall alikaa mstari wa mbele amevaa tai nyeusi, bahasha imevimba ndani ya koti lake. Bethuel aliomba dakika ishirini.

"Baba," alinguruma, "wewe unamjua Malindisa, ambaye sisi sote hapa tulikula naye, tulicheka naye..."

"Miaka mia!" Wangari alimnong'oneza.

"...kwa njia ya roho," Bethuel akamalizia, wala hakutetereka.

Lindvall alikuwa anafuta macho. Mambo yalikwenda sawasawa kabisa. Ladislaus alikuwa ameshainuka kutoa shukrani za familia mlango ulipofunguliwa kwa kishindo.

"Malindisa weeee! Umekufa na ng'ombe wetuuu!"

Dafrosa aliingia koti kalipindua ndani nje, chujio la tambi kichwani, mwiko mkononi, buti za theluji kazivaa kushoto kulia na kulia kushoto. Ukumbi ukalipuka. Wazee wa watu, waliokuwa hawajauona utani wa msibani tangu waondoke nyumbani, walipiga makofi mpaka viti vikalia. Dafrosa alichechemea hadi mbele ya picha, akaitazama, akajiziba pua.

"Huyu mwanamke alikuwa mchoyo! Alikuwa anaficha nyama chini ya kitanda! Mnamlilia nini? Tena tazameni, hata shali aliyovaa ni ya kwetu!"

"Anafanya nini?" Lindvall aliuliza kwa Kiswidi, macho yamemtoka.

"Ni... ni desturi," alisema Ladislaus. "Huyu ni wa watani wetu. Wanatufariji kwa matusi."

"Nimesoma habari hizi!" Lindvall alimshika mkono kwa furaha. "Kwa hiyo ni kweli! Haya hufanyika kwa marehemu wa kweli tu!"

"Kwa marehemu wa kweli tu," alikubali Ladislaus, akajiona amebarikiwa. Laiti angejua baraka ile inaelekea wapi! Maana papo hapo Dafrosa aliinua fremu kutoka kwenye kiti, akaikumbatia kifuani.

"Leo naondoka na bibi yenu," alitangaza. "Anayemtaka, amkomboe!"

"Amkomboe! Amkomboe!" ukumbi ukaitikia.

Ladislaus alimsogelea, meno yote nje, jasho likimtoka mgongoni. "Dafrosa," alinong'ona, "utani una mipaka."

"Mipaka iko wapi? Mbona sikuiona kwenye sabuni yangu?"

"Kuna mtu anataka kununua hiyo picha! Niweke wapi uso wangu?"

"Basi sema hapa, mbele ya watu, kwamba huyu si bibi yako." Dafrosa alitabasamu chini ya chujio. "Sema tu, mtani. Naiweka chini sasa hivi, najiendea zangu."

Ladislaus alifungua mdomo. Akamwona Lindvall. Akawaona Wangoni wawili waliotoka Tumba, wamekunja mikono, wanangoja waone kama mtoto wa kwao atanuna msibani. Akaufunga mdomo. Alitia mkono mfukoni ili amkomboe bibi mwenyewe, akatoka na sarafu tatu na kifungo cha shati.

"Mngoni ana kifungo!" Dafrosa alipaza sauti. "Binti wa chifu anakombolewa kwa kifungo!"

Watu wakacheka hadi Bethuel akamwaga pilau yake ya pili.

"Na mtu mwingine anaweza kumkomboa?" Lindvall aliuliza, amesimama tayari. Aliogopa familia itabadili mawazo, na uroho wake haukuwa na subira.

Dafrosa alimgeukia kwa Kiswidi safi cha hospitalini. "Anaweza, ndugu. Lakini fidia hupewa mtani aliyeshika, wala haigusi mkono wa wafiwa. Ikigusa ni mkosi. Muulize mwenyewe."

Lindvall alimwangalia Ladislaus. Ukumbi mzima ulimwangalia Ladislaus.

"Ndivyo," alisema Ladislaus, kwa sauti ya mtu anayejichimbia kaburi na kuulizwa kama jembe linakata vizuri.

Bahasha ikatoka kwenye koti la Lindvall, ikaingia ndani ya buti la theluji la Dafrosa. Vigelegele vilipigwa. Lindvall aliifunga picha na kitenge chake, akaikagua nyuma kwa mara ya mwisho, akatikisa kichwa.

"Hapa palikuwa na karatasi, imebanduliwa," alisema. "Hasara kubwa. Wachoraji hawa waliandika majina ya waliowachora. Tungejua jina lake hasa, na mchoraji ni nani, thamani ingekuwa mara kumi. Ila historia yenu inanitosha." Akaondoka upesi upesi, hajioni kwa ushindi, nasi tumwache nao.

Mara kumi! Ladislaus alitoka mbio mpaka kwenye kochi la Ngugi, akaikamata ile suruali. Imefuliwa, imekunjwa, imenyooka, mifuko yote mitupu. Alikaa chini sakafuni. Kumbe ukweli ulikuwa na bei kubwa kuliko uongo, na yeye aliubandua kwa ukucha wake mwenyewe.

Jumatatu alishuka kwa Dafrosa, amevaa tabasamu lake la biashara. "Mtani, tumecheka vya kutosha. Tugawane."

Dafrosa alimwekea bahasha mezani. Ladislaus aliirukia. Ndani mlikuwa na tiketi moja ya ndege, Stockholm hadi Dar es Salaam, jina Gama Ladislaus, Alhamisi.

"Hii ni nini?"

"Nauli. Uliyoililia miaka minane."

"Dafrosa, nauli si lazima... Mtu anaweza kuirudisha dukani..."

"Nimeuliza. Hairudishwi. Na nimempelekea katekista simu ya maandishi. Kufikia kesho mama yako atakuwa amealika kijiji kizima, pombe inapikwa." Kisha akasukuma furushi la vitenge na miwani mezani. "Haya ni yake. Kwa kilichobaki nimenunua sabuni. Mtani hanuni."

"Sina cha kumwonyesha!" Ladislaus alipiga kelele, na safari hii sauti ilimkatika kweli. "Atanishika mikono, ataona mikono ya mbeba magodoro. Miaka minane, Dafrosa! Nitamwambia nini?"

"Amekuambia hataki kitu. Anataka akuone. Sasa wewe unabishana na nani?"

Alhamisi asubuhi walimsindikiza uwanja wa ndege wa Arlanda, wote. Ladislaus hakuwahi kusindikizwa na watu wengi namna ile, na alielewa vizuri kwamba nusu yao walikuja kuhakikisha anapanda. Wangari alisimama mlango wa kutokea, mikono kiunoni. Bethuel aliomba, kwa ufupi, kwa sababu ndege haingoji. Dafrosa alimpenyezea bahasha ndogo mfukoni.

"Usiifungue mpaka uwe juu. Ukirudi, mtani, tafuta zamu yako ya kufulia."

Alijaribu kumtukana, utani ni utani, lakini tusi likaishia kwenye neno Mhehe. Alimkumbatia tu, akaenda.

Mawingu yalipokuwa chini yao aliifungua. Ilikuwa ile karatasi ya njano, haikupata hata tone la maji. *Bi Matilda Crewe, mfua nguo, mama wa watoto watano.* Akakumbuka shingo ile na macho yale yaliyotazama pembeni, ya mwanamke aliyelipwa ili atulie, na watoto watano nyumbani. Aligeuza upande wa pili. Dafrosa alikuwa ameandika kwa kalamu ya hospitali:

*Huyu naye alikuwa mama wa mtu. Nisalimie wako, naye akuone vizuri. Usitikisike.*